Stakabadhi

Paka wangu anaitwa Karani
kwa sababu hulala juu ya daftari la madeni,
makalio yake juu ya jina la Wambugu
ambaye hajalipa debe la njahi tangu Pasaka.

Siku ya tisa bila haja
alikwenda kwenye mchanga mara kumi na nne. Nilihesabu.
Mimi ni muuza nafaka, kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Alichutama, akakaza, akatoa mlio
kama bawaba ya lango la ghala,
akarudi mikono mitupu.

Tulikuwa tumejaribu. Boga la kuchemsha.
Dawa ya maji, tamu, asubuhi na jioni.
Bomba la maji ya uvuguvugu, ambalo silisimulii.
Kila mara alifunguka, kila mara akafunga tena
kama kibanda cha mlevi.

Daktari Chepng'eno, kule Langalanga,
aliiinua eksirei kwenye mwanga wa dirisha.
Unaiona nyonga? Niliiona.
Ile bodaboda ya mwaka juzi, nje ya soko:
mfupa ulijiunga wenyewe, upande,
ukaubana mlango.
Nyuma ya mlango, haba na haba
ilijaza kibaba, ikajaza pishi, ikajaza debe.
Utumbo mpana umetanuka
hadi umesahau kujikunja,
kama mpira wa gaguro kuukuu:
unauvuta, haurudi.

Kisha akaigeuza stakabadhi yangu ya mahindi
akachora.
Hapa tunakata. Na hapa.
Kipande chote hiki kilicholegea tunakitoa.
Huu mwembamba tunauleta chini,
tunaushona na hiki kidogo kilichobaki karibu na njia.
Uzi ni mwembamba kama unywele wako.
Mshono ukivuja, huenda tukampoteza. Sitakuficha.

Sikumjibu haraka.
Mwaka ule mume wangu Ndirangu alipolazwa, tumbo limevimba,
walipita na makoti yao, wakaongea na faili.
Hakuna aliyenichorea.
Hadi leo sijui walikata wapi.

Sokoni walicheka, bila shaka.
Magunia mawili ya maharagwe kwa ajili ya matako ya paka!
Nyakundi wa vitunguu alisema kwa bei hiyo
angeniletea paka ishirini, na wote wanakunya.
Nikamwambia, leta.
Hakuleta hata mmoja.
Usiku ule panya walitembea ghalani
kama wenye hati ya kiwanja.

Saa tatu asubuhi walimchoma nusukaputi.
Nilikaa nje kwenye benchi.
Upepo wa Nakuru hauombi ruhusa,
ulinijaza mdomo vumbi la ziwa, lenye magadi.
Nilikuwa nimefunga kunde kwenye leso;
nikazichambua mawe, moja moja,
nilipomaliza nikazichambua tena.
Saa sita kasoro, mlango.
Glavu amezivua, kofia bado kichwani.
Anapumua vizuri, akasema.

Siku tatu za kola ya plastiki shingoni,
tumbo limenyolewa, lina wekundu wa mtoto mchanga,
akinitazama kama mtu aliyeuzwa.
Siku ya nne, kabla ya adhana,
harufu iliniamsha.
Nikawasha taa ya simu.
Mchangani: kidogo, laini, majimaji,
rangi ya uji wa wimbi.
Nilipiga magoti pale, mimi mama wa kanisa,
nikasema asante mahali
ambapo sijawahi kuisema.

Daktari anasema atakwenda mara nyingi, na laini,
wiki kadhaa, pengine maisha.
Haya. Mchanga si ghali.

Stakabadhi ninayo, ndani ya daftari la madeni.
Upande mmoja: magunia saba, mahindi makavu.
Upande wa pili ule mchoro wa kalamu,
na pale alipoonyesha pa kukata
karatasi imetoboka kidogo.
Karani hulala juu yake.